Michezo Elfu Tisa katika Kidaka Kimoja

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa nduu yangu Zena, bibi harusi mtarajiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Natangaza rasmi, mbele ya wenzangu watatu wa chumbani, wawili wakiwa macho na mmoja akikoroma, kwamba kuanzia leo hii mkusanyiko wangu wa gemu za zamani umewekewa mpaka. Tangazo limepokelewa kwa ukimya. Bwana Kombo, yule Mpemba anayelala kitanda cha juu yangu, ameuliza kama mpaka huo unakihusu pia kile kisanduku kinachomzuia kufungua kabati lake. Nimemwambia asikilize kwanza, maswali baadaye.

Sasa salamu. Mama hajambo? Goti lake lapanda ngazi, au bado anakaa chini akipiga kelele kwa walio juu? Na wewe jino lako limetulia? Bibi harusi mwenye shavu lililovimba hata hina haimsaidii. Na yule punda wa jirani, bado anakuja kusimama mlangoni petu kama mtu aliyesahau alichotumwa?

Mimi nipo, namshukuru Mungu, mzima wa mwili. Kazi ni ileile ya ghalani, vipuri vya viyoyozi. Huku joto limeingia, na joto likiingia kila mtu mjini hugundua kwamba kiyoyozi chake kilikufa tangu msimu uliopita. Ghala lenyewe halina kiyoyozi. Niliuliza sababu, nikaambiwa vyote vilivyomo ni vya kuuzwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haina siri. Nikikupigia, husalimiwa na shangazi, kisha na mtu aliyekuja kuazima kinu, kisha na Mama kutoka mbali akisema niulizwe kama nala, na wewe ukifika salio langu limekwisha. Barua hii utaletewa na Bwana Aboud, anayerudi kwao Wiyoni, pamoja na kitambaa chako cha kijani na udi wa Mama. Isome peke yako, darini.

Habari ya gemu hizi waijua, lakini umeijua kwa mdomo wa Mama, na Mama kila kisa hukianzia mwisho.

Nyuma ya kituo cha mabasi huku kuna soko la vitu vya watu wanaoondoka. Mtu visa yake ikikatika hutandika shuka chini, akayaweka maisha yake juu yake: pasi ya nguo, sufuria, viatu, mito. Hapo ndipo nilipoiona mashine ya kwanza, ya kijivu, padi zake za kuchezea zimezungushiwa waya kama mtu aliyefungwa mikono. Nikaishika. Ilikuwa nyepesi vilevile kama ile ya kina Famau wa Wiyoni, tuliyokuwa tukiiazima sikukuu za Idi, tukaileta nyumbani ndani ya kikapu, tumeifunika kanga ya Mama ili watoto wa mtaani wasitufuate. Walitufuata vilevile. Basi niliposhika hii ya hapa, uzito ule mdogo ukanipanda mkononi, na hapo ndipo nilipopotea.

Sikupotea bila kanuni, usidhani. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana: ninunue kaseti zile tu tulizocheza tukiwa wadogo. Kwa kanuni hiyo mkusanyiko wangu wote ungekuwa kaseti moja, ile ya njano, na ile tunayo. Kwa hiyo nikailegeza kidogo: ninunue na zile ambazo tungezicheza kama tungekuwa nazo. Zena, hujui ni vitu vingapi duniani mtu angevicheza kama angekuwa navyo.

Huku nafasi yangu ni kitanda na chini ya kitanda. Ndiyo sababu kila aliyerudi kwetu Amu nilimpa kifurushi. Na Mama alizipokea kwa furaha mwanzoni, usimwache akukanie. Vyombo vya Bibi vya China vilikuwa vimekwisha, vingine vilivunjika, vingine hatujui viliondoka na nani, na ule ukuta wa ndani ukabaki na zidaka, yale mashubaka ya vyombo, tupu kutoka chini hadi juu. Mama alikuwa akilalamika kwamba akilala ukuta wamtazama. Nikaona basi, mimi nimepata pa kuweka, na ukuta umepata wa kuufumba macho. Wageni wakiuliza, Mama alijibu, "Ni zitu za Athmani, za Arabuni." Hakuna aliyeuliza zaidi. Kitu cha Arabuni kikishakaa kidakani huwa kimejieleza.

Kisha Bwana Twalib akaleta posa.

Sina neno naye. Mtu afanyaye kazi hotelini Shela, kisha akikutana nawe njiani akakusalimu bila lile tabasamu la hoteli, huyo ni mtu wa kweli. Lakini kwetu binti haendi, bwana harusi ndiye ajaye, na akija hawezi kulazwa ukumbini na paka. Anataka ndani. Na ndani, kama alivyonieleza Mama kwa simu, mmejaa.

"Mwanangu, zitu zako zimeyaa. Bwana harusi alale wapi, yuu ya mitambo?"

"Mama, ziko ukutani tu. Hazilali na mtu."

"Na ile televisheni yake kubwa itatundikwa wapi? Ndoo hapa uzitoe mwenyewe. Huwezi kuya, nakupa kidaka kimoya. Kimoya tu."

Nikauliza, "Kidaka kipi, Mama?"

"Kidaka ni kidaka."

"Vya katikati ni vikubwa. Vya pembeni havitoshi hata—"

"Athmani. Namuoza nduuyo au napanga duka?"

Kwa mbali nilikusikia ukicheka. Usidhani sikukusikia.

Wewe cheka, lakini ngoja nikwambie. Nilipoondoka niliacha nyumbani kitanda, sanduku la nguo, baiskeli isiyo na mnyororo na jina langu nililolichora kwa msumari mlangoni. Kitanda kiko kwa shangazi. Nguo zilipewa watu wenye mwili wangu. Baiskeli sikuulizia, naogopa jibu. Mlango mlipaka rangi. Ukiizunguka nyumba ile sasa, toka daka la mlangoni mpaka darini, kitu pekee kinachosema kwamba kuna Athmani ni ule ukuta. Mtu huingia, akauliza hizi ni za nani, ukajibu ni za kaka, na jina langu likatajwa mle ndani. Ukuta mzima hunitaja siku nzima. Kidaka kimoja, nacho cha pembeni, kitanitaja lini? Hilo ndilo linaloniumiza, si plastiki.

Nilitafuta kipimo basi, kwa wenye ujuzi. Kuna Mfilipino mmoja, fundi wa lifti, hukutana naye pale sokoni, tukaangaliana vibaya tukiikimbilia kaseti moja. Yeye mkusanyiko wake umejaza nyumba ya mamake kwao, na mamake sasa hulala kwa jirani. Akaniambia kwa upole mkubwa kwamba mtu awe na michezo kiasi atakachoweza kukimaliza kabla hajafa. Nikarudi nikapiga hesabu. Kwa saa ninazotoka ghalani, na kwa kuwa chumbani hatuna televisheni, mimi nastahili kuwa na nusu ya mchezo mmoja.

Bwana Kombo naye nilimshauri, kwa makosa.

"Yakhe, weye katika hizo gemu wacheza ngapi?"

"Sichezi. Nitachezea wapi?"

"Na wataka ngapi?"

"Kama zingekuwako zote, zote."

"Basi huo si mkusanyiko, hayo ni maradhi ya ghala. Umepanga rafu za watu hata nawe wataka rafu." Kisha akajiinua kwa kiwiko, akanichungulia kutoka juu. "Nikupe kipimo? Visa yako ikikatika leo, utaondoka na mikono miwili. Mmoja utashika pasipoti. Haya, huo mwingine ndio mkusanyiko wako."

Nikamwambia ana roho mbaya. Akasema ana roho nzuri, tena ndiyo sababu hajanitupia kile kisanduku.

Mama alisema nije nizitoe mwenyewe, nami nilitaka kuja. Hilo ulijue kabla ya mengine. Si kwa ajili ya kaseti. Baba hayupo, mimi ndiye walii wako, mimi ndiye wa kukaa mbele ya watu na kuushika mkono wa Bwana Twalib nikamwambia nimekuozesha. Nilikwenda kwa bosi nikiwa nimenyoa. Bosi wangu wajua babake alizaliwa Unguja, Kiswahili anakijua kuliko mimi, na huniita ndugu yangu mbele ya wateja. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniombea dua, akauliza jina la bibi harusi, akakuombea na wewe. Kisha akasema, "Ndugu yangu, wajua mwenyewe. Msimu wa joto mtu wa viyoyozi hana harusi." Kukataliwa kwa lugha ya mtu mwingine mtu aweza kujidanganya kwamba hakuelewa vizuri. Mimi nilielewa kila silabi.

Ndipo nikampigia Ami Bakari nimpe uwakili. Mama hakukusimulia vizuri, maana kwake kule ilisikika shwari. Mimi nilikuwa ghalani katikati ya maboksi. Ami amekaa na mashahidi, simu iko juu ya meza, ananiambia niseme. Nikasema, "Ami, nimekuwakilisha umuozeshe dada yangu—" mtandao ukakatika. Nikarudia, ukakatika palepale, kana kwamba jina lako ndilo halipiti baharini. Mara ya tatu nilipiga ukelele, "DADA YANGU ZENA," na dereva wa kile kigari cha kuinulia mizigo, Mbengali wa watu, akazima injini akaja mbio akidhani boksi limeniangukia. Ami akasema imesikika, imekubaliwa. Dereva akaniuliza nimeumia wapi. Sikuwa na pa kumwonyesha.

Basi nilijiambia, walii nimeshindwa kuwa, zile kaseti angalau nizisimamie kwa mbali. Nilikuwa nimeanza kuandika orodha: kila mashine kaseti moja, nyingine ziende. Nikazifuta, nikazirudisha, nikazifuta. Siku hiyohiyo ikaingia picha yako.

Zena, niliiona picha ile nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni. Mkeka umetandikwa darini, jua kali, na kaseti zangu zote zimelala juu yake zinang'aa kama dagaa. Kando yake karai. Sauti yako chini ya picha: "Kaka usikasirike. Bi Rukia kasema zitu za zidakani hukoshwa zote kabla ya harusi."

Simlaumu Bi Rukia. Yeye ni somo wako, ameletwa akufunze wewe mambo ya nyumba, si kufunzwa yeye na mimi mambo ya kaseti. Tangu azaliwe, kitu kilichokaa kidakani ni sahani au bakuli, na kabla ya harusi huteremshwa, kikaoshwa, kikarudishwa. Ameona vitu vya mraba, akasema Mungu akubariki, hizi ni sahani za kisasa. Ndimu, sabuni, maji ya kisima. Kama mngetumia maji ya mfereji ningekuwa na tumaini la kushika. Lakini kisima chetu wewe wakijua, maji yake yana chumvi: kama watu wangetia chumvi kwenye chai, yake isingehitaji.

Nilikupigia. Akapokea mwenyewe Bi Rukia.

"Bi Rukia, shikamoo. Zile hazikoshwi."

"Marahaba mwanangu. Tumezikosha zote, usiwe na dhiki. Zilikuwa na vumbi ndani ya vitundu, tumezisukutua."

"Mmezisukutua."

"Mara mbili. Na nimezipanga kwa rangi. Nyeusi pamoja, za kijivu pamoja, na zile nyekundu mbili nimezitenga, zapendeza mbele."

Nikamwambia ahsante. Nimekaa nti ya watu, mkononi nina sahani tupu, na kule nyumbani mambo yangu yote yanasukutuliwa mara mbili. Nikarudi kwenye foleni, nikakuta imekuwa ndefu.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye tangazo langu la leo. Sikufika kwa hekima, nilifikishwa. Wewe uliniuliza, "Kaka, nikuwekee ipi katika hicho kidaka?" Nimefikiri wiki nzima, na nimeona kwamba nilipita mbali sana na kanuni yangu ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa sawa.

Niwekee ile ya njano.

Waikumbuka? Kibandiko chake kilisema ina michezo 9999. Tuliifungua baada ya sala ya Idi, orodha ikaja ndefu, kila mchezo na jina lake na namba yake, na kila ukibonyeza ni ileile minne: tangi, ndege, matofali, na yule mtu wa kuruka. Mimi nilikata tamaa mapema, nikataka tucheze tangi. Wewe ukaninyang'anya padi. "Kaka, huko chini kuna mingine. Hawawezi kuandika majina yote haya yakawa ya uongo." Ukaanza kuteremka na orodha. Wenzetu waliotufuata na kikapu wakaondoka mmoja mmoja. Mama akakuletea pilau palepale, ukala kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa wa kushoto, akakugombeza kwa kula huku unacheza, ukamwambia huchezi, unatafuta. Ulipofika elfu na kitu stima ikakatika. Iliporudi mashine ikaanza tena namba moja. Ukalia hata Baba akapanda ngazi kuuliza nani amekupiga. Ukamwambia hakuna. Ulikuwa unalia kwa sababu tulikuwa tumekaribia.

Mimi nimenunua kaseti za kila rangi katika mji huu, na sikuiona hata moja iliyotufanyia vile.

Basi ukubwa wa mkusanyiko wangu ni moja. Iweke peke yake, isimame wima, na ile pembe yake iliyoungua na pasi ielekee ukutani isionekane. Kama Bi Rukia ameisukutua si kitu, ile haikuwa na cha kuharibika zaidi. Kwa hesabu ya kibandiko nitakuwa bado na michezo elfu tisa na mia tisa na kadhalika, Mama atakuwa na zidaka zake, na mtu akiingia ndani akauliza hii ni ya nani, utasema ni ya kaka, yuko mbali. Inanitosha. Hainitoshi, lakini ndiyo itakayoenea.

Nyingine zote, mashine na kaseti, mpe Bwana Twalib. Azigawe akitaka. Au azipeleke hotelini kwao Shela. Pale niliona kwa macho yangu dema kuukuu la kuvulia samaki limetundikwa ukutani na kumulikwa taa, wageni wanalipiga picha. Aliyetundika dema hashindwi kutundika kaseti.

Nisalimie Mama, umwambie nala. Nisalimie Ami Bakari, wakili wangu, na umwombe siku hiyo alitaje jina langu lote pamoja na la Baba, polepole, asiruke. Shangazi aliye na kitanda changu mwambie upande wa ukutani kuna ubao uliolegea, asilalie huko. Somo wako Bi Rukia mpe salamu za heshima, na kaa naye karibu, ana mikono isiyochoka. Shemeji yangu mtarajiwa mwambie sitaushika mkono wake siku ile, lakini nimemkubali kwa roho safi, na nilipokubali nilisikika mpaka upande wa pili wa ghala. Na punda, akija tena mlangoni, mpe ganda la tikiti, huenda ndilo alilotumwa.

Mungu akujaalie nyumba yenye utulivu, na mume wa kukuachia padi.

Ni mimi wa tumbo moja nawe,
Athmani, mtu wa ghala.

Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa naitazama ile picha yako nichague kidaka, nikazipitia kaseti za mkekani moja moja, nyeusi, za kijivu, nyekundu mbili. Ya njano haimo. Ilikuja na mashine ya kina Famau, na Idi ilipokwisha ilirudi na mashine ya kina Famau.